Fundi Aliyekunywa Chai Nje

Fundi alinijengea nyumba, kisha kwa miaka sita akakataa kuingia ndani yake. Alikuja karibu kila Jumapili baada ya kanisa, akaketi barazani, akatoa kikombe chake cha bati kwenye mfuko wa koti, akanipa nikijaze, akanywa akitazama milima. Ukimwambia karibu ndani, anasema, "Hapa pananitosha, Mwalimu." Ukimsihi, anasema chai inapoa. Ukimkasirikia, na mimi nimemkasirikia mara nyingi, anakunyooshea kikombe uongeze sukari.

Sukari yenyewe ni vijiko vinne. Anaonja, anakunja uso, anauliza kama maduka ya Voi yamefungwa leo.

Mambo ya alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, waulizeni watu wa Marungu anakoishi. Mimi nitasema ninayoyajua. Nilimjua tangu nikiwa msichana mdogo huko Wusi, milimani Taita, maana ndiye aliyepandisha kuta za nyumba ya mama yangu, na za kanisa letu, na za jirani zetu karibu wote. Watu walimwita Fundi tu. Mafundi wengine walitajwa kwa majina yao, au kwa majina ya watoto wao, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mrefu mwembamba, anayevaa koti la suti hata akichanganya mchanga na simiti. Alikuwa na penseli mbili, moja kila sikio. Ya kulia ilikuwa ya kazi. Ya kushoto ilikuwa ya kuazima watu, na ilikuwa imetafunwa vibaya sana.

Alikuwa mkweli kwa mambo yote isipokuwa saa. Akikuambia saa mbili asubuhi, jipangie saa nne. Akikuambia kesho, muulize kesho ya mwezi gani. Na kisingizio chake kilikuwa kimoja tu, miaka nenda miaka rudi: ndovu. Ndovu wamelala njiani. Ndovu wameingia kwa mahindi. Ndovu wamevunja tangi la jirani na yeye ilibidi asaidie. Siku moja nilichoka, nikapanda boda mpaka Marungu kwenda kumshika uongo wake mchana kweupe. Nikamkuta amesimama uani na koti lake, na kwenye shamba lake kulikuwa na ndovu watatu wanakula mahindi bila haraka yoyote, kama watu waliokaribishwa. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Umekuja kunisaidia kuwafukuza?" Nilirudi Voi na aibu yangu. Lakini nawaambia, siku nyingine zote hapakuwa na ndovu.

Kuna wakati aliniomba ruhusa ya siku mbili aende Njukini kwa harusi ya mpwa wake. Paa langu lilikuwa mbao tupu, mabati yamelala chini. Akakaa wiki mbili. Aliporudi na mkungu wa ndizi begani na gunia la maharagwe, nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtoa jasho. Nikafungua mdomo. Akaweka mkungu chini, akasema, "Harusi ilikuwa nzuri sana, Mwalimu. Wamekusalimia." Watu ambao hawanijui! Nikajikuta nauliza bibi harusi alivaa nini.

Sasa nieleze kuhusu hiyo nyumba, maana bila nyumba hamtamwelewa Fundi.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa anashuka kutoka Wusi na kabichi kuziuza kwenye esteti moja ya mkonge huku chini. Siku za likizo nilimbebea kikapu kidogo. Tulikuwa tunapeleka mpaka kwa nyumba ya meneja, na kama watu wote wenye mizigo tulizunguka nyuma, tukasimama kwa mlango wa jikoni. Mpishi akichagua kabichi, mimi nachungulia. Kutoka jikoni ungeweza kuona moja kwa moja mpaka sebuleni, kwa sababu nyumba ile haikuwa na ukuta katikati. Ilikuwa nyumba ya miaka ile ya uhuru ukiwa bado mchanga: paa limelala chini, upenu mrefu, ukuta mmoja wa mawe matupu yasiyopigwa plasta, na upande mmoja wote ni vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Nje ya vioo kulikuwa na ukuta wa matofali ya matundu, na jua lilipopita pale lilitandaza madoa ya mwanga sakafuni. Sijawahi kusahau yale madoa. Nilitaka kuyakanyaga. Mama alinivuta mkono akasema tusije tukaonekana kama tunaiba kwa macho.

Basi nilipokaribia kustaafu ualimu, nikiwa na kiwanja changu kwenye tambarare ya Voi upande wa magharibi, nikasema nitajenga ile. Isiwe kubwa kama ile, vyumba vitatu vinanitosha, lakini iwe ile. Siku hizi kumbe imerudi kuwa fasheni, vijana wanaiita mtindo wa katikati ya karne. Mimi sikuitaka kwa sababu ya fasheni. Niliitaka kwa sababu ya madoa, na kwa sababu ya magoti ya Mama.

Magoti ya Mama ndiyo yaliyokuwa kiini cha jambo lote. Nyumba yake ya Wusi iko kwenye mteremko, ngazi kumi na kitu mpaka chooni, na alikuwa ameshaanguka mara mbili. Mara ya pili alilala chini kwenye umande mpaka jirani akapita. Baba alishazikwa pale miaka mingi, sisi watoto tumetawanyika. Kaka yangu wa Mombasa alisema abebwe tu kwa gari, atazoea. Mama si gunia. Nilipomwambia najenga nyumba isiyo na ngazi hata moja, ya chini, yenye upepo, akaniambia, "Nitaiona kwanza. Nikiiona nikaipenda, nitashuka. Nisipoipenda, uniache na mlima wangu, na msinipigie kelele tena." Nikakubali. Ningefanya nini? Nilijua kwamba akisema hapana, atabaki kule juu peke yake, na siku moja umande utampata tena na jirani hatapita.

Ramani ilichorwa na mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyesomea kazi hiyo na anayefanyia Nairobi. Nikampelekea Fundi. Akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Nisomee wewe. Mimi macho yangu hayaoni, na hii ni Kizungu kitupu."

Nikamsomea kurasa zote, chumba kwa chumba, dirisha kwa dirisha, koo likanikauka. Nilipomaliza akasema, "Ukurasa wa tatu, kile kipimo cha dirisha la jikoni hakilingani na cha ukurasa wa tano." Nikaangalia. Kweli. Kumbe alikuwa amesoma karatasi yote kwa lile jicho moja alilolitupa. Nilimuuliza kwa nini alinisumbua. Akasema, "Nilitaka nisikie kama wewe unaijua nyumba yako. Unaijua. Tutajenga."

Kisha nikamwonyesha kwa simu picha za nyumba za aina ile, ili aelewe ninataka nini. Akashika simu kwa mikono miwili.

"Hii naijua," akasema. "Hii nimeijenga. Ile ya meneja, kule esteti. Nilikuwa kijana, ndevu hata hazijaota. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza yale matofali ya matundu."

Mnisamehe, nililia. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na sikujua kwamba madoa yangu ya mwanga yalitoka kwenye mikono yake.

Watu walitucheka, jamani. Hapa Voi mtu akijenga anataka ghorofa, nguzo mbele kama benki, na paa refu lililochongoka linaloonekana ukiwa barabara kuu. Yetu ilikuwa inapanda kidogo halafu inaacha kupanda. Jirani aliniuliza kwa heshima zote kama pesa zimeisha. Kaka yangu alipiga simu baada ya kutumiwa picha: "Unajenga dispensari? Wagonjwa wataanza lini?" Kuna mwanamke alisema nyumba ya Mwalimu imechuchumaa. Fundi alisikia hilo neno, likampendeza, na tangu siku hiyo akawa anawaambia wapita njia, "Ndiyo, imechuchumaa. Jua la Voi nani atasimama nalo wima?"

Kwa kazi alikuwa mtu wa taratibu zake. Maji ya Voi ni ya shida, yote tulinunua kwa mikokoteni, lakini ukuta wake ulinyweshwa asubuhi na jioni kabla ya mtu yeyote kunawa. Tena aliimba kwenye kwaya ya kanisa, sauti ya kiume nzuri mno, na aliimba nyimbo za Mungu akijenga, isipokuwa pale simiti ilipokuja na mabonge, hapo maneno yaliyotoka hayakuwa ya kwaya. Alidharau simu na alikuwa nazo mbili. Kamba yake na timazi yake ya kunyooshea kuta hakuna aliyeruhusiwa kuzishika. Lakini kila alichopima kwa futi alikipima tena kwa hatua zake mwenyewe, na kama vimepishana aliamini miguu.

Ni hiyo miguu iliyotuponza.

Kosa lenyewe mtu wa tambarare asingelifanya. Sisi watu wa milimani, nyumba ukiijenga unachimba ukingo, nyumba unaiegemeza, inaupa mlima mgongo na uso unatazama bondeni. Hakuna anayefundishwa hivyo, ndivyo ilivyo tu. Maji yapite nyuma, mlango uwe mbele, macho yashuke. Fundi alikuwa amejenga hivyo miaka hamsini. Alipofika kwenye kiwanja changu, tambarare tupu, mahali ambapo nyumba ingeweza kutazama popote, alisimama, milima ya Taita iko nyuma yake, akaanza kupiga vigingi. Vioo vikaelekea mashariki, kwa barabara. Stoo na bafu vikaelekea milimani. Kwenye ramani vioo vilitazama kaskazini, na mshale wake ulikuwepo, mkubwa kama mkuki. Na mimi, mwalimu wa jiografia, niliyefundisha watoto mishale ya kaskazini mpaka nikastaafu, nilisimama pale nikaona vigingi viko sawasawa kabisa. Kwa nini nisione hivyo? Mimi pia ni wa Wusi.

Msingi ukachimbwa, mawe yakapangwa, yakafika magotini. Nikamleta Mama aone.

Alishuka garini na fimbo yake, amejifunga leso mpya. Nikamtembeza. Hapa jikoni, hapa chumba chako, hakuna ngazi, umeona, Mama? Akaona. Alikuwa anatabasamu. Tukafika kwenye sebule, nikamwekea kiti pale ambapo vioo vingekuwa.

"Hapa ndipo nitakaa?"

"Hapo hapo, Mama."

Akaangalia mbele. Malori ya Mombasa yalikuwa yanapita. Akauliza, "Na nyumbani ni wapi?"

Nikanyoosha mkono nyuma yake. Akageuka pole pole kwenye kiti. Milima ilikuwa pale, yote, na ukungu wake kichwani. Kati yake na milima kulikuwa na msingi wa choo.

"Kwa hiyo nitakaa hapa," akasema, "nimempa baba yenu mgongo, natazama malori."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akashika fimbo yake, akasema nimrudishe Wusi kabla jua halijawa kali. Nilimtazama Fundi. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mawe, kofia mkononi, anatazama miguu yake kama vitu ambavyo mtu mwingine alimwachia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kiwanjani kumwambia asimamishe kazi, maana sikuona maana ya nyumba tena. Saa ilikuwa moja na nusu. Fundi alikuwa ameshafika. Saa moja na nusu! Alikuwa amevua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na alikuwa anabomoa msingi kwa nyundo kubwa.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Naigeuza."

"Msingi mzima?"

"Kwani nyumba hugeuzwa nusu?" Akapumua. "Mwalimu, mimi nimekosa. Miguu ilisimama ilivyozoea, mimi nikaifuata. Dada akikataa kushuka kwa sababu ya goti, ni Mungu. Akikataa kwa sababu ya Fundi, nitamwambia nini tukikutana?"

Mama alimzidi Fundi miaka michache, naye Fundi alimwita dada siku zote.

Nikampigia simu binti wa ramani. Naye akapiga ukelele. "Mwalimu, vioo magharibi? Voi? Jua la saa kumi litawapika!" Kweli, hilo hatukulifikiria. Mama apewe milima yake, lakini aive akiitazama? Nikamrudia Fundi na hiyo habari nikidhani itamvunja moyo. Akacheka. Siku hiyo alirudi Marungu mapema, na kesho yake akaja na kitu kimefungwa kwa gunia. Akakifungua magotini. Kilikuwa kalibu, ya mbao ngumu yenye vyuma pembeni, imepakwa mafuta ikang'aa. Kalibu ya kufyatulia matofali ya matundu. Ile ile ya esteti. Nyumba ilipokwisha walikuwa wanataka kuichoma kuni, akaiomba. Ameihifadhi tangu hapo, ameihamisha nyumba hadi nyumba, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwomba tofali la matundu.

"Ile ya meneja pia ilitazama machweo," akasema. "Unafikiri matundu yalikuwa urembo?"

Alitengeneza kila tofali mwenyewe, hakumruhusu mtu. Mimi nilikaa karibu naye kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikimwagia maji yale yaliyokauka, na hapo ndipo aliponiambia ile habari ya kutoingia ndani. Alinieleza akiwa anacheka, anajaza, anashindilia, anapindua.

Siku nyumba ya meneja ilipomalizika kulikuwa na sherehe. Wafanyakazi walipewa chai nyuma, kila mtu kwa kopo lake, maana vikombe vya nyumba havikuwa vyao. Fundi akakumbuka amesahau pima maji yake sebuleni. Alikuwa ameingia na kutoka pale miezi yote, mlango wa mbele aliuweka yeye na mwenzake. Basi akaingia kwa mlango wa mbele. Wageni wakanyamaza. Meneja akampigia kelele mbele ya wote, atoke, azunguke nyuma. Akatoka. Akazunguka. Pima maji akapewa kupitia dirisha la jikoni.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nyumba ikiisha, mimi hutoka. Nakabidhi funguo, sirudi ndani. Sitaki kutolewa."

"Lakini nani atakutoa kwangu, Fundi? Mimi?"

"Hapana. Wewe huwezi." Akapindua tofali lingine. "Lakini miguu haijui hivyo."

Nilikuwa na hasira na mtu aliyekwisha kufa zamani, na hakuna pa kuipeleka hasira ya namna hiyo. Nikaendelea kumwagia matofali.

Slabu ya sakafu ilipokauka na paa likapanda, alileta kiti cha Mama na kukiweka mahali pake. Saa tisa akachora kwa chaki jua lilipofika, saa kumi akachora tena, saa kumi na moja tena. Kisha akaongeza urefu wa upenu, akapandisha ule ukuta wa matundu safu mbili zaidi, akaacha nafasi katikati kwa ajili ya milima, akachora tena. Alifanya hivyo siku nyingi. Wapita njia walimwona mzee wa koti amepiga magoti mbele ya kiti kitupu na chaki mkononi, wakazidi kutucheka. Mwishoni jua la saa kumi lilikuwa linaishia kwenye miguu ya kiti, vipande vipande. Joto lilibaki nje. Mtu aliyekaa angeona Wusi.

Mama alikuja mara ya pili wakati paa lipo. Nikamkalisha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, nami nimeshika ukuta. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea milimani, akasema, "Yule ni nani anachoma takataka saa hizi? Si ni upande wa kwetu?"

Alihamia mwezi uleule. Fundi alinikabidhi funguo, akavaa koti, akachukua mwiko wake na pima maji, akapita chini ya upenu, akatoka. Kutoka siku hiyo hakukanyaga ndani.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumapili, Mama kwenye kiti chake ndani, kioo kimefunguliwa, Fundi barazani na kikombe chake cha bati, kizingiti kati yao, wanaongea Kidawida, lugha yetu ya Taita, mpaka jua lifike miguuni. Mama alikuwa anamchokoza. "Fundi, kwani unaogopa itakuangukia? Unajua ulichoficha kwenye hizo kuta, eh?" Naye anajibu kwamba amesikia ndani kuna mwanamke mkali. Waliwasema watu wote wa Wusi, wazima na marehemu. Kama mvua ilinyesha, na Voi hainyeshi bure, upepo ukaleta manyunyu mpaka barazani, Fundi alikuwa anasogea, anasogea, anasogea, mpaka mgongo ukagusa kioo. Ndani hakuingia.

Mwaka huu masikio ya Mama yalianza kuziba. Fundi alilazimika kupiga kelele, na jirani wakawa wanazijua habari zote za Wusi bila kuzitaka. Halafu mwezi uliopita Mama akashikwa na kifua. Kifua kibaya. Akatoka hospitali hana nguvu ya kukaa kitini, nikamwekea kitanda sebuleni, pale pale penye vioo, aone milima yake. Wiki tatu mvua na barabara mbaya zilimzuia Fundi. Nilimtumia ujumbe kwa zile simu zake mbili, hakuna iliyojibu.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nachemsha chai nikasikia mtu anabisha barazani, sauti ya Fundi inaita, "Dada! Dada!" Akaita tena. Kupitia kioo aliona kiti kitupu na Mama amelala ameelekeza macho kwingine, na masikio yale hayakumpa Mama habari. Kabla sijafuta mikono, nikaona kivuli kinapita dirishani. Alikuwa anazunguka nyumba. Akatokea kwenye mlango wa jikoni, fimbo mkono mmoja, kofia mkono mwingine, uso umemwishia damu.

"Mwalimu. Dada yupo?"

"Yupo, Fundi. Yuko hai. Hasikii tu, na hawezi kuja kitini. Leo lazima uingie."

Akaangalia kizingiti cha jikoni. Kisha akainua mguu ili apite pale, pale jikoni.

Na nyumba yangu, kama ile nyingine, haina ukuta katikati. Mama alikuwa amegeuza kichwa. Kutoka kitandani aliweza kuona moja kwa moja mpaka jikoni, na mtu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Akatoa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Si huko!" akasema kwa Kidawida. "Huko ni kwa watu wa kabichi. Pita mbele!"

Fundi akashusha mguu. Akaniangalia kama anayetaka nimtetee. Mimi nikafunga mlango wa jikoni, nikapita sebuleni, nikafungua kioo chote mpaka mwisho. Nikangoja. Alichukua muda kuzunguka. Alipofika barazani alivua viatu, nikamwambia aache, akavua. Akaingia. Mkono wake ulikwenda kwenye ukuta, akaugonga kwa kidole mahali pawili, akasikiliza. Kisha akakaa kwenye kiti cha Mama, kile alichokichorea chaki, kwa ncha tu, kama mtu wa kuondoka. Baadaye akaegemea.

Mama alimwangalia kutoka juu hadi chini.

"Umechelewa."

"Ndovu, dada," akasema Fundi.

Tulicheka mpaka Mama akakohoa ikabidi nimwinue. Jua lilikuwa limepita kwenye matundu, madoa yameanza kutambaa sakafuni, yamefika kwenye miguu ya Fundi, yamepanda juu ya soksi zake zilizotoboka. Aliyatazama. Nadhani hakuwahi kuyaona kutoka upande huu.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake nichukue kikombe cha bati nikakijaze. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hicho kiache. Nipe cha humu ndani."

Nikaenda kabatini mbio, machozi yananizuia kuona, nikamletea kile chenye maua na kisahani chake, chai ya maziwa, sukari vijiko vinne. Akakipokea. Akakigeuza, akakiangalia, akanirudishia bila kuonja.

"Hiki ni cha wageni," akasema. "Nipe mnachonywea nyinyi."